Mnamkimbia Mtoto wa Nani?

Saa kumi na moja unusu alfajiri magari ya manjano ya shule huanza kupiga honi kwenye ploti za Kayole, mashariki mwa Nairobi. Mtoto wa miaka minne hutolewa kitandani na tongotongo machoni, akavishwa sweta na tai, akasukumwa garini apelekwe Donholm. Wakati huo huo mtoto wa Donholm anapanda gari lake kwenda South B. Naye mtoto wa mtaa duni wa Soweto, ambaye mamake huuza sukuma wiki kando ya barabara, atatembea hadi akademia ya mabati hapo hapo Kayole, ile ambayo yule wa kwanza amepitishwa mbio asiitazame. Hupishana gizani kila siku na hawatawahi kujuana. Wazazi wao wamelipa ili iwe hivyo.

Waulize wanalipia nini, watakujibu kwa sauti moja: Kiingereza na nidhamu. Maneno hayo yamepakwa rangi kwenye kuta za shule kutoka Jogoo Road hadi Kangundo Road. Mimi nasema, na atakayenuna anune, kwamba hivyo vyote viwili ni visingizio. Bidhaa inayouzwa Eastlands, upande wetu huu wa mashariki, ni umbali, umbali kutoka kwa mtoto wa jirani aliye maskini kuliko wewe kidogo tu. Na wengi wetu tunainunua kwa mkopo wa simu.

Nilikaa katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya kibinafsi upande wa Umoja. Sitaitaja, maana ukiiona moja umeziona zote. Viti vya plastiki, soda za chupa, mwalimu mkuu mbele na faili yake. Mama mmoja akasimama, akapokea maikrofoni, akasema, "Mwalimu, tuambiane ukweli. Hii shule imeingiliwa." Makofi. Imeingiliwa na nani? Kumbe muhula huo shule ilikuwa imewaruhusu wazazi kulipa karo kidogo kidogo kila mwezi ili kujaza madarasa, wakaja watoto wa mitaa duni ya Matopeni na Soweto. Baba mmoja akalalamika kuwa kijana wake wa gredi ya pili amemsalimu nyanyake kwa Sheng, "niaje". Mwingine akasema bintiye amejifunza kula smokie barabarani akitembea. Wa tatu akapendekeza kwamba siku ya usajili mzazi naye ahojiwe, tena ahojiwe kwa Kiingereza, ili shule ijue mtoto ametoka familia ya namna gani. Hilo ndilo lililoshangiliwa zaidi.

Mkutano mzima sikusikia kisa hata kimoja cha mtoto aliyempiga mwenzake, wala aliyeiba, wala aliyemtusi mwalimu. Nilisikia habari za salamu na habari za smokie.

Hebu tuitazame ngazi hii tunayopandiana vichwani. Mzazi wa Buruburu anamwogopa mtoto wa Kayole. Mzazi wa Kayole anamwogopa mtoto wa Soweto. Wa Dandora awamu ya kwanza anakuonya usimchanganye mwanawe na wa Korogocho. Wa Komarock ameweka geti na mlinzi. Halafu sote tukivuka Tom Mboya Street kwenda ng'ambo ile ya mji, sisi ni kitu kimoja: watu wa Eastlando. Yule mama wa maikrofoni, pamoja na Kiingereza chake na nguo zake nzuri, akimpeleka mwanawe shule ya Lavington, kuna mzazi mwingine kule atakayesimama aseme shule imeingiliwa. Atakuwa anamsema yeye.

Wala si sisi tuliouanza mchezo huu. Kaloleni, Ziwani, Shauri Moyo na Makongeni zilijengwa enzi za mkoloni upande wa mashariki ili wafanyakazi weusi walale karibu na reli na viwanda na mbali na Muthaiga ya wazungu. Mji uligawanywa kwa rangi, na shule zikagawanywa hivyo hivyo: za wazungu, za Waasia, za Waafrika. Uhuru ulipokaribia na kukawa na mazungumzo ya kuchanganya watoto, neno lililotolewa kila mara kupinga lilikuwa viwango. Watoto weusi wangeshusha viwango, lugha yao haikutosha, tabia zao hazikufaa. Milango ikafunguliwa hatimaye, lakini shule zile zilibaki na karo ya juu, na karo ikaendelea kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na rangi. Miaka sitini baadaye tumeiokota hoja ile ile, tumeifuta vumbi, na tunaitumia wenyewe kwa wenyewe ndani ya Eastlands.

Tena waliojengewa Buruburu miaka ya 1970, wale wa kazi za afisini waliokopeshwa nyumba zilizojengwa awamu kwa awamu, wengi wao watoto wao walisoma shule za baraza la jiji. Ulivuka tu barabara ukawa umefika darasani. Ukikaa na wazee hao leo watakutajia jirani yao wa dawati: mtoto wa mchuuzi, mtoto wa karani, mtoto wa askari wa jela. Waulize kama waliharibika.

Kisha ikaja Januari 2003. Serikali mpya ya Rais Kibaki ikafuta karo ya shule za msingi na zaidi ya watoto milioni moja wakamiminika madarasani nchi nzima. Lilikuwa jambo kubwa, pengine kubwa kuliko yote iliyoyafanya serikali hiyo. Lakini madarasa hayakuongezwa, walimu hawakuongezwa, na katika shule za Nairobi darasa lililojengewa watoto 40 likabeba 80 na zaidi. Wazazi wenye uwezo walitazama wiki chache, wakaona nani amekaa karibu na mtoto wao, wakaondoka. Akademia zikachipuka kila kona, nyingine ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, nyingine huko Pipeline ambako majengo yamebanana hata jua haliingii, na somo la michezo hufanyiwa juu ya paa penye kamba za nguo.

Hapo ndipo ninapokasirika zaidi. Walioondoka ndio waliokuwa na mdomo. Ndio waliojua kuandika barua kwa afisa wa elimu, kumkalia diwani kooni, kumwuliza mwalimu mkuu pesa za choo zilikwenda wapi. Walipoondoka, shule ya umma ilibaki na wazazi wanaoamka saa kumi kwenda masoko ya Gikomba na Wakulima, ambao hawana nafasi ya kuhudhuria mkutano wa saa nne asubuhi. Serikali ikapumua. Hadi leo mgao wa mtoto wa shule ya msingi ya umma ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365: haifiki shilingi nne. Mandazi moja ya kibandani ina thamani kubwa kuliko siku nzima ya elimu ya mtoto huyo. Mtu mmoja akiniambia kwamba tatizo la shule hizo ni watoto wanaoingia, nitamwuliza kama anajua kugawanya.

Najua mzazi anayesoma hapa ana hofu ya kweli. Mimi siye wa kumwambia eti Eastlands ni peponi. Kuna biskuti za bangi zinazouziwa wanafunzi. Kuna makanga anayembembeleza msichana aliyevaa sare. Kuna base za vijana wasio na kazi kila pembe na kamari kwenye kila simu. Lakini hebu taja ni lipi kati ya hayo lililoanzishwa na mtoto wa gredi ya pili kutoka Matopeni. Biskuti imeokwa na mtu mzima. Makanga ni mtu mzima. Kampuni ya kamari ina wakurugenzi wenye suti na leseni. Mnauacha mlolongo wote huo wa watu wazima, mnamkamata mtoto wa miaka saba kwa sababu amesema "niaje".

Na mkishamkamata, mnamfanya nini? Mnamvisha diski.

Kwa msomaji aliyebahatika kutoijua: diski, au monto kama wengine wanavyoiita, ni kipande cha mbao, au mfupa, au kifuniko kilichotobolewa na kutiwa uzi. Asubuhi kiranja hupewa. Wa kwanza kusikika akitamka neno lisilo la Kiingereza huvishwa shingoni. Njia pekee ya kuivua ni kumnasa mwenzako. Basi aliyenayo huzunguka uwanjani akitega sikio, akimchokoza rafiki yake, akimkanyaga kusudi ili alie kwa lugha ya nyumbani. Jioni orodha ya waliopitiwa na uzi ule humfikia mwalimu wa zamu, na kila mmoja hupata adhabu yake. Viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, kwa hiyo siku hizi ni kupiga magoti, kuokota taka, au viboko vile vile kwa siri.

Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliyaeleza haya katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind: jinsi shule yake ya Limuru, baada ya serikali ya mkoloni kuitwaa wakati wa Hali ya Hatari, ilivyomchapa au kumvisha bamba lenye maneno ya kumdhalilisha mtoto aliyekamatwa akisema Kikuyu, na jinsi kitufe kilivyopokezanwa kutwa nzima ili mwishowe kila aliyekigusa atajwe. Mkoloni alikuwa na sababu yake: alihitaji watu wanaosalitiana. Sisi sababu yetu ni ipi? Mnalalamika kuhusu tabia, na hiyo ndiyo tabia mnayoilipia kila muhula. Mtoto anafundishwa upelelezi dhidi ya rafiki yake kabla hajafundishwa kugawanya kwa tarakimu mbili.

Simama nje ya lango la akademia yoyote ya kwetu mchana masomo yakiisha, pale karibu na kibanda. Ndani ya lango mtoto anamuaga mwalimu kwa Kiingereza cha kukariri, mabega yamemganda, macho chini. Akivuka lango hatua mbili, mdomo unafunguka. "Manze, leo nimeokolewa na kengele, si ningevishwa hiyo kitu!" Anacheka, anaigiza sauti ya kiranja, anabishana kuhusu Arsenal, anapanga mechi ya jioni, anamweleza mwenzake hesabu ya asubuhi ambayo darasani alishindwa kuuliza. Ni mtoto yule yule. Mnayemwita mtundu ni mtoto aliyerudishiwa ulimi wake. Na yule mnayemsifu kwa nidhamu ndani ya lango, wengi wa aina yake wamenyamaza tu kwa sababu anayenyamaza havishwi diski.

Kichekesho ni kwamba hata Kiswahili hakijasalimika. Katika akademia nyingi Kiswahili kimetengewa siku moja, aghalabu Ijumaa, ndiyo siku ya kukizungumza bila kuadhibiwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitaja kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi za Jamhuri. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa. Lugha ya Bunge na ya mahakama, katika shule ya mtaani Tassia, imepewa Ijumaa. Kayole kuna familia za wakimbizi kutoka Kongo ambazo watoto wao wanakuja na Kiswahili cha Bukavu na Goma, wanakisema siku nzima bila kukwama, nao huvishwa uzi Jumatatu asubuhi kama wahalifu wengine.

Wala msiniambie kuwa Kiingereza pekee ndiyo sera. Sera naijua. Kiingereza tangu siku ya kwanza ya shule kilianza kwa majaribio hapa hapa Nairobi mwaka 1957, katika shule za Waasia, chini ya kile kilichoitwa Kituo Maalum cha Wizara ya Elimu, kikasambazwa kwa shule za Waafrika, na Tume ya Ominde ikakibariki mwaka 1964. Lakini Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilibadilisha mwelekeo: miaka mitatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, Kiingereza kikiwa somo, kisha kishike usukani darasa la nne. Mjini, palipo na makabila yote, lugha hiyo ya eneo ni Kiswahili. Mtaala wa umilisi nao umeshikilia msimamo huo kwa chekechea hadi gredi ya tatu. Karibu nusu karne sasa. Akademia za Eastlands zinavunja sera hiyo mchana kweupe, wakaguzi wanaiona, na wazazi wanalipa ziada ili ivunjwe.

Mtetezi wao mmoja aliwahi kunijibu kwamba hata ng'ambo watoto huzamishwa katika lugha ya pili na wanafaulu. Ni kweli, na ningependa amalizie hadithi. Mwaka 1965, huko St. Lambert karibu na Montreal, wazazi wanaozungumza Kiingereza walianzisha darasa la chekechea ambamo watoto wao walifundishwa kwa Kifaransa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, wakiongozwa na Wallace Lambert, waliwafuatilia, na matokeo yakawa mazuri kiasi kwamba mpango huo ukaenea Kanada nzima. Lakini watoto wale walikuwa na lugha yenye nguvu nyumbani, iliyoheshimiwa barabarani, magazetini na benki. Mwanzoni waliruhusiwa kumjibu mwalimu kwa Kiingereza chao. Mwalimu aliwaelewa. Kifaransa kiliongezwa juu ya walichokuwa nacho. Hakuna aliyevishwa mfupa. Na hata huko, kwa miaka mingi wakosoaji wamelalamika kwamba madarasa hayo yamegeuka njia ya wazazi wenye nafasi kuwatenga watoto wao na watoto wa wahamiaji, wa maskini na wale wenye shida za kujifunza. Lugha ikifanywa tiketi, wenye pesa ndio hujaza gari, Kanada na Kayole.

Kwetu hapa mwalimu mwenyewe mara nyingi analipwa mshahara usiolipa hata nyumba ya chumba kimoja, na Kiingereza chake amekipata kwa taabu kutoka vitabuni. Anakifundisha kama alivyofundishwa, kwa kukariri. Tathmini za shirika la Uwezo za muongo wa 2010 zilionyesha kwamba ni watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kazi ya darasa la pili. Mtoto anayesoma kwa lugha asiyoijua hasomi, anaimba. UNESCO ilisema mwaka 1953 kwamba lugha bora ya kumfundishia mtoto ni lugha yake ya mama. Tumekuwa na miaka sabini ya kusikia.

Kuhusu Sheng sasa, lugha yetu ya mtaa iliyojengwa juu ya Kiswahili, maana ndiyo inayowatoa povu. Sheng ilizaliwa mitaa hii, katika vyumba vya Kaloleni, Shauri Moyo, Pumwani na Bahati, ambako familia nzima ililala chumba kimoja na watoto wakahamia nje, Mluhya na Mkikuyu na Mkamba na Mjaluo, wakahitaji lugha ya kuchezea mpira. Mwaka 1997 wataalamu Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde waliandika kuhusu Sheng ya Eastlands na pia kuhusu Engsh, mchanganyiko wa watoto wa Westlands ambao mhimili wake ni Kiingereza. Watoto wa pande zote mbili walikuwa wanachanganya lugha, wanabuni maneno, wanawaficha wazazi siri. Lakini mliwahi kusikia mtoto wa Westlands akivishwa diski kwa sababu ya Engsh? Uasi wa mtoto wa tajiri huitwa ujana. Wa mtoto wa Dandora unaitwa uhuni.

Nanyi mnaomvisha mtoto diski mnajua chimbuko la Sheng. Baba anayelalamika kuhusu "niaje" ndiye anayeongea Sheng na fundi wa gari lake, na ndiye aliyecheza nyimbo za kundi la Kalamashaka wa Dandora ujanani mwake. Wanasiasa huja na Sheng kila uchaguzi wakiomba kura. Kampuni za simu na benki zinatutangazia mikopo kwa Sheng kwenye mabango ya Outering Road. Ghetto Radio imejenga jina lake juu ya Sheng. Watu wazima wote hawa wanaitumia kutafuta pesa na kura, na mtu pekee nchini anayeadhibiwa kwa ajili yake ni mtoto wa gredi ya pili.

Mama mboga wa Soweto simlaumu. Yeye amesikia tangu utotoni kwamba asiye na Kiingereza hana kazi, na amewaona wenye Kiingereza wakipita kwa gari. Anajinyima chakula alipe akademia ya mabati. Biashara imemjua: kampuni ya Bridge, iliyoanzishwa na Wamarekani, ilifungua shule yake ya kwanza Mukuru kwa Njenga mwaka 2009 ikilenga watu kama yeye. Angekuwa na shule ya umma iliyo karibu, yenye choo na mwalimu anayefika, pesa hizo zingebaki kwenye sufuria. Lawama zangu ni kwa yule aliye juu yake kidogo, anayejua, mwenye nafasi ya kupaza sauti, na ambaye ameamua kuitumia sauti hiyo kudai mtoto wa mama mboga aondolewe.

Maana jina unalompa mtoto halibaki shuleni. Akiwa na miaka saba tunamwita mharibifu, akiwa na kumi na miwili anaitwa sugu, akiwa na kumi na saba anaitwa mshukiwa. Kituo cha Mathare Social Justice Centre kilitoa ripoti mwaka 2017 kuhusu vijana waliouawa na polisi bila kufikishwa mahakamani, na akina mama wa Mathare, Kayole na Dandora wamekuwa wakiandamana na picha za wana wao hadi leo. Vijana hao waliwahi kukaa darasani. Walitambuliwa kwa mtaa wanaotoka, kwa namna wanavyotembea, kwa namna wanavyoongea. Vigezo hivyo hivyo ndivyo mlivyovitumia pale mkutanoni mlipoamua ni watoto gani wameiingilia shule. Polisi hakuvibuni, alivikuta tayari mtaani kwetu.

Hatuwezi kuishi hivi. Nairobi imeonyesha kwamba jambo la shule za umma likisukumwa linasogea: tangu mwaka 2023 mpango wa chakula wa kaunti unampa mtoto wa shule ya umma mlo wa moto kwa shilingi tano, akigusisha bangili yake kwenye mashine. Mtoto aliyeshiba hasinzii na hachokozi. Kama sahani ya githeri iliwezekana, basi darasa la watoto 45 linawezekana, na mbunge wako ana pesa za mfuko wa eneobunge, NG-CDF, anazojengea malango yenye jina lake. Kamwulize. Nenda kwenye mkutano wa bodi ya shule ya umma iliyo karibu nawe hata kama mwanao hasomi hapo, maana mtoto anayesoma hapo ndiye utakayekutana naye kwenye lifti, kwenye matatu na hospitalini miaka ishirini ijayo.

Na ukiwa bado katika akademia yako, basi fanya jambo moja dogo muhula huu. Ingia afisini, mwambie mwalimu mkuu akuonyeshe diski. Iguse. Mwulize inaanza kwa nani kila asubuhi. Halafu mwambie kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi kwa misingi ya kabila, dini, tabaka alikotoka au lugha, na inakataza mateso ya mwili na ya akili kwa mwanafunzi yeyote. Mahojiano ya kumchuja mtoto wa miaka minne kwa Kiingereza yanakiuka sheria hiyo. Uzi ule shingoni unaikiuka pia. Akikataa kuutoa, peleka malalamiko kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo, Makadara, Kamukunji, Njiru au Embakasi, kwa maandishi, na ubaki na nakala.